Mlango wa Kushoto wa Pijo

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi Lupakisyo aliufungua mlango wa mbele wa kushoto wa Pijo 404, akaulaza juu ya matairi mawili chini ya turubai la gereji yake pale Mikumi, kisha akamkabidhi Coletha nyundo. Coletha alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwa miezi saba alikuwa amefagia gereji hiyo na kupiga msasa magari ya watu, na huo ndio ulikuwa mlango wake wa kwanza kuunyoosha peke yake.

"Usianzie kwenye shimo," Lupakisyo alimwambia. "Anzia ukingoni, zunguka kuelekea katikati. Bati linarudi kwa njia liliyoingilia. Kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza."

Gari lilikuwa la Mzee Danieli wa Kilosa, mtu mpole aliyelirithi kwa baba yake, karani wa shamba la mkonge. Alilitaka Jumamosi, limpeleke binti yake Doris kanisani kufunga ndoa. Pale palipobonyea, alisema, ni nyati. Alimgonga mwaka jana kwenye barabara ya hifadhini, akaenda mwenyewe kuripoti na kulipa faini.

"Ikishindikana, fundi, jazeni puti tu hapo shimoni, mpake rangi juu," alisema, akaaga kila mtu kwa jina lake.

Coletha alishikiza kipande cha chuma kwa nje, akaanza kugonga kwa ndani. Kilichotoka kwanza kilikuwa ukimya: kwa dakika nzima malori ya barabara kuu yalipita bila kutoa sauti. Alingoja, akaendelea. Mchana likatoka vumbi jekundu, na baada ya vumbi harufu ya vitunguu vilivyopondwa. Jumanne ukatoka ukelele mfupi wa mtu.

"Umejigonga kidole?" Lupakisyo aliuliza kutoka chini ya lori.

"Hapana. Ni mlango."

"Basi sogea ndani kidogo. Hapo pameshalegea."

Jumatano asubuhi ikatoka kengele ya baiskeli. Ililia mara mbili, na Coletha akaweka nyundo chini, kwa maana kengele ile aliijua. Mdogo wake, Shigela, aliondoka kwao Munisagara mwaka jana na gunia la vitunguu kwenye baiskeli, aje kuuza Mikumi. Baiskeli iliokotwa mtaroni, kando ya barabara ya Kilosa. Yeye hakuonekana, na nyumbani walikaa matanga bila kaburi.

"Shigela?"

"Dada," sauti ilijibu kwa Kisukuma kutoka ndani ya bati. "Gonga polepole. Unanipiga mbavu."

Kufikia adhuhuri mkono wake wa kulia ulikuwa nje hadi begani. Lupakisyo alijifuta grisi, akaushika, akampa pole. Kisha akaugeukia mlango.

"Ukimtoa kabisa," alimwambia Coletha, "bati litakuwa laini. Hapatakuwa na cha kumwonyesha mtu."

Kwa hiyo Coletha aliupakia mlango kwenye bajaji, akaupeleka kwenye ofisi ya hifadhi ilikoandikwa ile karatasi ya faini ya nyati. Ofisa aliupokea mkono wa Shigela, maana mkono ukinyooshwa hupokelewa, akafungua faili.

"Hapa pameandikwa nyati, mama."

"Huu si mkono wa nyati."

"Naona. Lakini nyati ameshalipiwa na faili limefungwa. Nikiandika mtu, huyu nyati nimpeleke wapi?"

Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kweli kusaidiwa. Kisha akamsaidia kuupakia mlango tena.

Alhamisi Coletha hakugonga. Ukungu ulikuwa umeishukia milima ya Vidunda, na chini ya turubai mwanga ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Alikaa kando ya mlango, nyundo mapajani.

"Unawaza nini?" Shigela aliuliza.

"Nawaza nikuache hivyo hivyo. Nikufiche, nikupeleke Morogoro. Labda huko watakuona."

"Kwani yule wa jana hakuniona?"

Coletha aliigeuza nyundo mapajani.

"Dada, mwaka mzima nimekunjwa kama shuka sandukuni. Mguu wa kushoto sijui hata uko wapi. Na huyo mzee akija na puti yake, ndio basi tena."

"Alisimama, siku ile?"

"Alipunguza mwendo. Nilidhani anasimama. Halafu akasema 'nyati', peke yake humo garini. Akarudia mara tatu, mpaka ikamkaa mdomoni. Ndipo akakanyaga mafuta."

Coletha alikaa mpaka ukungu ulipopanda. Kisha akaishika nyundo, akaendelea pale alipoishia, ukingo kwanza, bila kuruka hatua. Ijumaa saa nne ukatoka mguu wa kushoto. Lupakisyo alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye bati lote, juu hadi chini.

"Palibonyea wapi?" aliuliza. Hakuwahi kumuuliza mwanafunzi yeyote swali hilo.

Hawakutia puti. Walipiga rangi, wakaufunga mlango mahali pake. Shigela alinawa bombani, akanywa chai vikombe viwili. Coletha alimpigia simu mama yao, Yusta, kumwambia kwamba kijana amepatikana na atawafikia Jumamosi jioni. Mama aliuliza anakuja kwa basi au kwa miguu, wajue waanze kuchimba kaburi saa ngapi.

Jumamosi saa mbili Mzee Danieli alifika na utepe mweupe. Alipapasa mlango, akarudia, akamwita Coletha fundi mbele ya watu. Shigela akasimama kutoka kwenye tairi alilokalia, kama walivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watu hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo."

Betri ilikuwa imelala. Mzee Danieli alitoa kichwa dirishani.

"Jamani, hebu nisukumieni kidogo, bibi harusi ananisubiri."

Shigela akaweka bega nyuma ya gari. Coletha alimtazama, kisha akaweka mikono yake kando ya bega lile, kwa sababu gari la zamani ni zito kwa mtu mmoja. Hatua ya kumi na mbili injini ikashika. Mzee Danieli alipunga mkono kushukuru, akashika njia ya Kilosa, na jua la asubuhi likateleza juu ya mlango wa kushoto bila kukwama popote.