Maelezo ya Kuhamisha Miadi

Karani wa mapokezi alikuwa na mwandiko mzuri na maneno machache, ndiyo maana fundi wa kompyuta alimfuata yeye. Hospitali ilikuwa imeleta msaidizi wa mashine, wa kujibu ujumbe wa wagonjwa kwenye simu na kuwapangia miadi. Mashine ilipewa zana nne: kutafuta nafasi, kupanga, kuhamisha na kufuta. Ila haikujua ipi itumike lini, na kwa namna gani.

"Niandikie kila zana inafanya nini," fundi alisema. "Kama unamwelekeza mgeni aliyeanza kazi leo."

"Mgeni huuliza."

"Huyu haulizi, dada. Anasoma, anafanya."

Aliandika siku mbili. Kwenye kuhamisha aliweka: *Mgonjwa akitaka siku nyingine, ondoa miadi ya zamani, mpe nafasi ya karibu iliyo wazi.* Fundi akasoma, akasema hata bibi yake angeelewa. Karani akarudi nyumbani kichwa juu.

Asichokijua ni kwamba dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na uvimbe kwenye titi na miadi ya upasuaji hapohapo hospitalini. Dada alimficha kwa makusudi. Hakutaka mdogo wake asemwe kazini kwamba anapitisha ndugu mlango wa uani.

Wiki ya upasuaji mwanawe akashikwa na homa, dada akaiandikia mashine: naomba nisogezwe wiki moja. Mashine ikaiondoa Alhamisi yake, ndipo ikatafuta nyingine. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja, na siku zake zimejaa pomoni. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki kumi na nne. Ile ya zamani ikachukuliwa na mtu mwingine hata chai haijapoa.

Karani alijua ugonjwa huo wiki hizo zilipopita, siku dada alipotoka chumba cha daktari, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akasema kwa sauti ya chini, "Uvimbe umefika kwenye ini, mdogo wangu. Wanasema hakuna cha kukata tena."

Alipompeleka nyumbani akarudi kazini, akafungua kumbukumbu za ujumbe kutafuta kwa nini upasuaji ulichelewa, akasoma. Kisha akafungua maelezo yake ya kuhamisha, akayasoma neno kwa neno.

Enzi za daftari, mgonjwa akiomba kusogezwa, karani aliweka kidole cha kushoto juu ya tarehe ya zamani, akapekua kwa mkono wa kulia. Hakukata mstari mpaka mtu aseme ndiyo. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuwahi kulisema. Ndiyo maana hakuliandika.

"Ni mimi niliyepaswa kuijaribu," fundi alisema alipoonyeshwa. "Usijibebeshe peke yako."

"Maneno ni yangu."

Akayaandika upya, na kabla ya jioni mashine ilikuwa inayafuata. Kisha akaenda kwa dada. Alimkuta anakunja nguo za mtoto.

"Dada, ile mashine iliyokusogeza. Mimi ndiye niliyeiandikia namna ya kufanya."

Dada aliendelea kukunja. "Iliponiambia wiki kumi na nne nilijibu asante. Nilidhani ni mtu, na kazi ni nyingi. Ningejua ni wewe ningekutukana." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika katikati. Karani alijikaza kisabuni, akashindwa. Dada akamvuta, akamlaza mapajani kama zamani.

"Umeshayarekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Nisomee."

Karani akatoa simu, akapangusa macho. "*Usiondoe miadi ya zamani kwanza. Tafuta nafasi mpya, mwambie mgonjwa tarehe yake. Ikiwa mbali kuliko aliyoomba, mwambie ni mbali kiasi gani, kisha muulize: unakubali, au tukuachie siku yako?*"

Dada alichukua shati la mwanawe.

"Ningesema niachieni," alisema. "Mtoto angekaa na jirani."

Mistari miwili ya maelezo ilibaki kwenye simu. Karani hakuweza kuisoma.