Weupe wa Bi Rasamma

Mjini Ipoh, katika nchi ya Wamalei, ukitaka kumwona Bi Rasamma akipandwa na mori, mwite Mchina. Muuza mboga mmoja sokoni alithubutu kumsalimu kwa Kikantoni. Alijibiwa matusi ya Kitamil yasiyohitaji mkalimani.

"Weupe huu ni wa bibi yangu wa Kerala, kule Uhindini!" ndivyo alivyowaambia watu tangu ujana, na wajukuu zake walikua wakiamini hivyo. Marehemu mumewe peke yake ndiye aliyejua kwamba wazazi wa Kichina, waliochoka kuzaa mabinti, walimtoa kwa Wahindi wa Kitamil angali mchanga, kitovu hakijakauka.

Basi Devaki, mjukuu wake, akaanguka kifafa jikoni, mwiko ungali mkononi. Alipoanguka tena, bibi akamkokota hadi kliniki.

Daktari Foong, kijana mchangamfu wa Kichina, alisoma jina kwenye faili, akamtazama Devaki, mweusi ti kama babu yake, akaandika dawa.

"Meza asubuhi na jioni. Ungekuwa Mchina au Mmalei ningekupima damu kwanza. Wapo kati yetu wenye aina fulani ya vinasaba vya kinga. Wakimeza dawa hii, kinga inaugeukia mwili wenyewe. Ngozi inachunika, mtu anaweza kufa. Kwenu Watamil ni nadra."

"Kumbe Utamil una faida!" Devaki akacheka, akainuka.

Bi Rasamma hakucheka. Maisha yake yote ameulinda Utamil wake kwa meno na kucha. Leo aseme, tena mbele ya kijana wa Kichina? Akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini Devaki alishafika mlangoni, karatasi ya dawa mkononi.

"Mpime," akasema.

"Bibi, hakuna haja..."

"Nimesema mpime! Mama aliyenizaa ni Mchina. Baba pia. Haya, mmesikia? Chekeni sasa!"

Hakucheka mtu. Devaki alimtumbulia macho. "Na Kerala je?"

"Kerala sijakanyaga hata siku moja. Keti utolewe damu."

Majibu yalipokuja, daktari aliichana ile karatasi mwenyewe, akaandika dawa nyingine. Devaki alikuwa nacho hicho kinasaba.

Nje, Bi Rasamma aliketi kwenye ngazi, akajifuta machozi kwa pindo la sari. Aliogopa, akafurahi, na ile furaha akaionea haya.

"Wajukuu wote mmefanana na babu yenu," akasema. "Pua yake, rangi yake, hata mkoromo. Nikadhani mimi nilipita tu humu ukooni. Kumbe wewe umenirithi, na ulichorithi ni balaa!"

Devaki akacheka, akamlalia begani. "Bibi, huyo mama aliyekuzaa, aliitwa nani?"

"Sijui, mwanangu. Sikuwahi kutaka kujua. Leo nataka."