Kumhamisha Shangazi

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, fundi cherehani aligeuza ndoo mdomo chini mbele ya banda namba saba, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake, akakaa. Ndani ya banda farasi wake jike, wa rangi ya majivu, alikuwa akitafuna nyasi kavu kwa upande mmoja wa mdomo kama anayemsengenya mtu. Aliitwa Shangazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia bandani mwake bila kutazamwa kuanzia miguuni hadi kichwani na kuonekana hafai.

Saa kumi kamili lango la nyuma lilifunguka, mume wa fundi akaingia. Alikuwa amekufa miezi minane iliyopita. Kichwa chake kilikuwa kimelalia bega la kushoto, vilevile boriti ilivyokiacha, na ovaroli yake ilikuwa na vumbi la nyasi ambalo halikupungua wala kuongezeka. Aliutoa uma wa samadi kwenye msumari wake, akalivuta toroli lenye gurudumu linalolia, akaanza na Shangazi: kwato za nyuma kwanza, halafu za mbele. Masaisi wengine wote huanza na za mbele. Yeye alikuwa akisema za nyuma ndizo zenye ubaya, bora umalizane nazo ukiwa bado na nguvu.

Alipokuwa hai ndiye aliyekuwa saisi mkuu wa zizi hilo. Alilisha, alisugua na alizolea samadi farasi ishirini wa watu waliokaa mjini na kufika Jumapili na buti zinazong'aa. Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Aliwahi kutoka kitandani na homa kali, akarudi zizini kwa miguu, kwa sababu alikumbuka ndoo moja ambayo hakuijaza maji. Fundi alimwita mwendawazimu siku hiyo, na hakuwa anatania.

Mwenye zizi aliitwa Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Marehemu alimwambia mara tatu kwamba boriti ya dari ina ufa, na kwamba nyasi zilizopandishwa juu hazijakauka, na nyasi mbichi uzito wake si wa mchezo. Taratibu alisema wataangalia, taratibu. Boriti haikusubiri. Baada ya mazishi aliweka gogo la kuikingia boriti ileile, akapandisha nyasi zilezile, na badala ya fidia akampa mjane farasi mzee ambaye mmiliki wake alishaacha kuja kumwona. Farasi angekaa bure, mradi fundi awashonee wenzake mablanketi. Fundi alikubali, kwanza kwa sababu mumewe alimpenda sana yule farasi, na pili kwa sababu siku ile hakuwa na akili ya kukataa chochote.

Siku ya tisa baada ya mazishi Shangazi aligoma kula. Siku ya kumi Marehemu akaja. Alimhudumia Shangazi tu, akatundika uma, akaondoka. Taratibu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mikono mfukoni, anatazama. Kesho yake aliyafungua mabanda mengine yote kumi na tisa kabla ya saa kumi, akamwambia, "Maadamu umeshafika." Mwishoni mwa mwezi masaisi wawili waliobaki waliachishwa kazi. Wenye farasi walimpenda Marehemu. Havuti sigara, walisema, haombi ruhusa, na farasi wanatulia akiwagusa.

Fundi naye alimpenda, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Katika miaka ya mwisho ya ndoa yao mumewe alikuwa akirudi nyumbani amechoka hoi, anakula nusu sahani, anasinzia kitini na kijiko mkononi. Hawakuzungumza. Sasa kila alasiri fundi alikaa kwenye ndoo na kumsimulia: mteja aliyenenepa akadai gauni limepungua, mpira wa cherehani uliokatika, paka wa jirani aliyezalia kwenye kapu la vitambaa. Marehemu hakujibu, ila alisikiliza. Penye kuchekesha brashi ilisimama kidogo. Fundi alirudi nyumbani na furaha, na njiani akaionea haya furaha yake.

Kisha akaona viganja. Uma una mpini wa mti, na mti hula ngozi ya aliye hai na ya aliyekufa, tofauti ni kwamba ya aliyekufa haioti tena. Mwezi wa sita viganja vya Marehemu vilikuwa vyembamba kama bitana. Mwezi wa nane cha kulia kilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na kupitia tundu hilo fundi aliuona mpini.

Alimwambia wifi yake, dada wa Marehemu, aliyekuja kupima sketi.

"Nimeona," wifi alisema. "Kaka yangu anachakaa. Kwani wewe si fundi? Mshone."

"Simshoni."

"Kwa nini?"

"Nikimshona ninamwandaa kwa kazi. Nikimziba leo, kesho Taratibu ataleta farasi wengine kumi. Sitashika sindano kwa ajili hiyo, wifi. Kamwe."

Wifi aligeuka polepole, pini zisimchome. "Basi mhamishe Shangazi. Kilichomleta ni yule farasi. Farasi akiondoka, hana cha kufuata pale. Atalala."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni, akazichomeka zote mahali pamoja kwenye upindo.

"Unaogopa hutamwona tena," wifi alisema. "Nakuelewa. Hata mimi napita pale mara moja moja, nachungulia kwenye ua. Lakini huyo ni mtu wa kupumzika sasa. Tunamkalisha kazini ili sisi tumtazame."

Maneno hayo yalimkaa fundi kichwani wiki nzima. Wiki iliyofuata alikwenda kuangalia zizi jipya.

Lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kufuata barabara kuu, na mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Mama Usafi. Fundi alikagua kama mumewe angekagua. Alitazama juu kwanza: boriti zilikuwa za chuma, na nyasi zilihifadhiwa chini, kwenye ghala la peke yake. Alinusa maji ya birika. Alifukua matandazo hadi sakafuni kuona kama pana unyevu. Aliinua mguu wa farasi asiyemjua na kuchungulia kwato, na kwato ilikuwa safi kuliko vikombe vya nyumba nyingi. Masaisi watatu wenye sare za kijani walipita wakimsalimia. Moyo wake, uliokuwa ukiomba kasoro hata moja, haukupata.

"Ana tabia gani huyo farasi?" Mama Usafi aliuliza.

"Ana dharau. Vinginevyo hana neno."

"Wewe ndiye mke wa yule saisi wa kwa Taratibu?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, mama," alisema, na alionekana kusikitika kweli. Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. "Banda la kwanza, karibu na mlango. Jumatatu?"

Siku tatu fundi hakukata shauri. Alishona mikono ya blauzi nyuma mbele, akafumua, akaishona tena vilevile. Siku ya nne, Jumamosi, alimwona Marehemu akiuangusha uma, akiuokota, akiuangusha tena, na hatimaye akiubana kwapani ili amalizie banda la kumi na nane. Hapo akakata.

"Namhamisha Shangazi keshokutwa," alimwambia alipokuja kutundika uma. "Usije tena. Umefanya kazi ya kutosha. Nenda kalale, baba."

Marehemu alisimama, uso wake wa upande ukitazama mahali fulani karibu na sikio la mkewe. Kisha akajaza ndoo ya Shangazi maji, ingawa ilikuwa bado na nusu, akatoka kwa lango la nyuma. Fundi alilia akiwa amekaa kwenye ndoo, kilio cha sauti, na mtu aliyekuja kumwangalia farasi wake alimsubiri kwa adabu amalize ndipo apite.

Taratibu hakupinga. "Mhamishe tu," alisema. "Mablanketi utatushonea hata ukiwa huko, sivyo? Taratibu." Alimsaidia hata kutafuta hatamu nzuri. Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na alipoukosa akajiona amepata bahati.

Jumatatu asubuhi alimwongoza Shangazi kando ya barabara kuu. Malori yalipunguza mwendo. Shangazi aliyatazama yote kuanzia magurudumu hadi paa na hakuridhika na hata moja. Walifika kabla ya adhuhuri. Banda la kwanza lilikuwa na matandazo mapya ya kufika magotini, na ukutani, juu ya msumari mpya, palikuwa na ovaroli ya kijani iliyopigwa pasi. Fundi alikuwa na jicho la kazi yake. Aliyaona mabega, akauona urefu wa mikono, akajua ni ya nani.

"Masaisi wako wako wapi?" aliuliza.

"Niliwaaga jana," alisema Mama Usafi. "Nimekisia vipimo vyake. Kama haitamkaa vizuri utanirekebishia."

"Marehemu haji. Nimemhamisha farasi ili asije."

"Sawa, mama," Mama Usafi alisema kwa upole. "Ni saa kumi, siyo?"

Saa kumi ilifika na hakuna aliyekuja. Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo ya watu, mikono mapajani. Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu. Shangazi aliacha kutafuna, akatega masikio kuelekea barabarani, kisha akarudia nyasi zake. Mama Usafi alitazama saa, akatazama mabanda yake ishirini na mawili ambayo hayakuwa yameguswa tangu asubuhi, akaenda kumpigia simu mmoja wa vijana wa kijani. Fundi alijua kwamba amefanikiwa. Amemlaza mumewe. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi hakujua bado kwamba mtu anaweza kupotezwa mara mbili.

Saa kumi na moja na nusu aliinuka, akampapasa Shangazi shingoni, akachukua mkoba wake. Simu ikalia. Alikuwa Taratibu.

"Fundi, nakupigia usiwe na wasiwasi," alisema. "Amekuja kama kawaida, saa kumi kamili. Kalikuta banda lako tupu, kasimama kidogo, kisha kaendelea na hao kumi na tisa. Namba kumi na nne uma ulimponyoka mara nyingi, lakini kamaliza. Sasa hivi ameshika barabara kuja huko kwako. Jamani, huyo mtu ana moyo."

Fundi alirudi kwenye ndoo.

Alifika saa kumi na mbili kamili, kwa miguu, kwa lango la mbele kwa kuwa hakujua bado la nyuma liko wapi. Juu ya vumbi la nyasi sasa palikuwa na vumbi la barabara. Mama Usafi alitoka kumpokea.

"Karibu," alisema. "Umechelewa, lakini kwa siku ya kwanza haina neno. Kwa Taratibu ongea nao wakupunguzie." Akarudi ofisini kumpigia tena yule kijana wa kijani, kwamba asije.

Marehemu aliuona uma kwenye msumari, akaushika. Mpini ulipita katikati ya kiganja cha kulia, uma ukaanguka. Akauokota. Ukaanguka. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, na wa kushoto nao ulikuwa umechanika njiani, kati ya namba kumi na nne na hapa. Aliinama mara ya nne. Shangazi alikuwa ametoa kichwa nje ya banda, anamtazama, na kwa mara ya kwanza hakumtazama kuanzia miguuni. Alimtazama mikono.

Angeweza kuinama vile mpaka asubuhi, na kesho, na keshokutwa. Fundi alijua. Aliolewa naye akijua.

Akafungua mkoba. Hakutumia uzi wa nguo. Alitoa uzi wa katani uliopakwa nta, ule wa kushonea mikanda ya matandiko, akautunga kwenye sindano nene, akamkalisha mumewe kwenye ndoo. Alimwekea kiraka cha ngozi laini ndani ya kiganja cha kulia, akakishona kwa kurudia, mishono midogo, karibukaribu. Kisha cha kushoto. Mikono ya Marehemu ilikuwa baridi na ilitulia ndani ya mikono yake. Alimsimulia habari za siku: malori, dharau za Shangazi, jinsi alivyokuwa amefurahi kwa saa moja na nusu kwamba amelala. Machozi yaliangukia kwenye mshono na hayakuuharibu, kwa sababu nta haipitishi maji.

Alikata uzi kwa meno.

"Jaribu," alisema.

Marehemu alishika uma. Ukashika. Akautikisa kidogo, akaridhika, akauegemeza ukutani na kuinama kwenye kwato za nyuma za Shangazi. Mbele yake palikuwa na mabanda mengine ishirini na moja.

Mama Usafi alikuja akautazama ule mshono kwa makini, akasema hajawahi kuona kazi nzuri kama hiyo. Aliuliza kama utadumu.

"Utadumu," fundi alisema. Kazi yake haikuwahi kurudishwa.