Antena ya Mzee Nyangwine

Pampu ya maji ina kiburi chake. Fundi akiwa karibu inafanya kazi vizuri, akishafika mbali ndipo inazima. Honoratha alilijua hilo kwa mgongo wake. Yeye anakaa Tarime mjini, pampu iko kijijini juu ya Sirari, pale ambapo ukisimama mlangoni unaiona Kenya. Kwenda ni saa nzima kwa bodaboda, na mvua ikinyesha, mwachie Mungu.

Tangu Editha azaliwe, miezi saba sasa, safari hizo zilimchoma kuliko zamani. Asubuhi anamkabidhi mtoto kwa jirani, Mama Wegesa. Jioni anarudi maziwa yamemjaa mpaka blauzi imelowa, na mtoto keshalala. Alichotaka Honoratha ni kitu kimoja tu: aiwashe pampu akiwa nyumbani, mwanawe mapajani. Ndiyo maana aliibembeleza kamati ya maji mpaka ikakubali modemu, kadude kanakotiwa laini kama simu, akakafunga kwenye nyumba ya pampu na antena yake chini ya paa.

"Sasa pampu ina simu," alimweleza mzee Nyangwine, mlinzi wa kisima, aliyemwita tata, yaani baba. "Natuma amri kutoka Tarime, nayo inatii. Antena hii ndiyo sikio lake, tata. Ikisikia vizuri, mimi nakaa na mwanangu."

Mzee akaitazama antena kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali.

Siku mbili mambo yakaenda. Siku ya tatu modemu kimya. Honoratha akapanda boda, akaizima na kuiwasha, ikaitika. Alipofika tu mjini, kimya tena. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Kornelio, mwenyekiti wa kamati, akampigia kwa upole uliouma kuliko matusi. "Dada fundi, ikigoma na wiki hii, tunakang'oa. Utakuwa unakuja kila siku kama zamani."

Safari ya tatu alifika amekasirika, na kwa mara ya kwanza akainua macho. Antena haikuwepo chini ya paa. Ilikuwa huko juu mawinguni, kwenye miti mitatu ya mikaratusi iliyoungwa mmoja juu ya mwingine kwa mipira ya tairi.

"Shikamoo tata. Nani kaipandisha?"

"Marahaba. Ni mimi," alisema mzee, kifua mbele. "Si ulisema ni sikio? Kila ukiondoka naongeza mti mmoja. Sipendi ukimwacha mtoto."

Honoratha akafungua laptop, akachomeka waya kwenye modemu, akasoma jina la mtandao ambao modemu imeushika. Ulikuwa wa Kenya. Kule chini kilima kilikuwa kinauziba mnara wa Kenya. Huku juu modemu iliusikia kuliko wa kwetu, ikauparamia, na laini yenyewe haina ruhusa ya kuvuka mpaka. Watu wa Sirari wana laini mbili na wanajua kubadilisha. Modemu itajulia wapi?

Hasira ikamwisha. Utamgombeza vipi mzee aliyekata miti peke yake kwa ajili ya mwanao?

"Tata, umeifikisha Kenya."

"Kenya? Bila hata kitambulisho?"

Walicheka mpaka mzee akakaa chini. Kisha wakaishusha antena, na Honoratha akaiamuru modemu ishike mtandao wa Tanzania peke yake, isijichagulie. Hilo alipaswa kulifanya siku ya kwanza, na alimwambia mzee hivyo, kosa lake akalibeba mwenyewe.

Jumatatu saa moja asubuhi pampu ikazima. Honoratha akakaa mkekani na Editha, akabonyeza simu, akangoja. Mzee Nyangwine akapiga. "Maji yanatoka. Kaa na mtoto."

Mama Wegesa alikuwa ameshaingia, kanga ya kubebea begani.

"Leo siendi," Honoratha akamwambia.

Lakini Editha alikuwa ameshamwona jirani, akanyoosha mikono yote miwili achukuliwe, kama kila asubuhi. Mama Wegesa akaficha mikono yake nyuma. "Leo ni zamu ya mama," akamwambia, akatoka taratibu.

Mtoto akalia, uso kaugeuzia mlangoni. Ilimuuma Honoratha, asikwambie mtu. Akampakata hivyo hivyo na kilio chake, hakumharakisha, maana kwa mara ya kwanza alikuwa na siku nzima ya kumngoja amzoee.