Mvumo wa Watoto

Bibi Thongyoi alikwea mivumo, miti ya jamii ya mnazi inayogemwa maji ya sukari, miaka thelathini na moja bila kuanguka, kisha akateleza jikoni kwake akikoroga sukari guru na kuvunjika kifundo cha mguu. Kijiji kilicheka kabla hakijamwonea huruma. Mimi sikucheka. Nilijua mara moja nani ataulizwa habari za mvumo wa watoto.

Mvumo huo uko nyuma ya shule yetu, mrefu kuliko yote. Sukari yake si ya mtu. Ikiuzwa, ndiyo inayowapatia watoto sitini wali na mayai ya mchana. Nilikula chakula hicho miaka sita, na sasa nafundisha darasa la tatu hapo hapo. Nawajua wanaokuja bila kula nyumbani, maana nilikuwa mmoja wao tangu baba yangu, Sawaeng, alipoanguka kutoka mti huo nikiwa na miaka minane. Bibi aliuchukua wiki ileile. Wagema wengine hawakutaka kuugusa na mpaka leo hawataki. Wanasema una mtu juu, roho isiyoshuka.

Sasa, karara la mvumo, lile shina la maua yake, lina kiburi. Lazima lichongwe ncha asubuhi na jioni, kila siku ya msimu. Likikaa siku mbili bila kuonja kotama, kisu cha mgema, linafunga, na maji yake matamu huyapati tena mpaka mwaka mwingine. Siku moja ilikwisha kupita Bibi akiwa hospitalini. Asubuhi ya pili nilimkuta chini ya mti, kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa plasta, kotama mapajani.

"Umechelewa, mwalimu. Ulikuwa unajipodoa?"

"Bibi, mimi siwezi. Hata nikisimama juu ya stuli kubadilisha balbu naona kizunguzungu."

"Nani kakutuma balbu? Nataka makarara manne yachongwe."

"Nitaanguka."

Nilitegemea aseme hapana, mjukuu wangu, huanguki. Hakusema.

"Huenda," akasema. "Vua viatu."

Ngazi ya mvumo ni mwanzi mmoja tu uliofungwa kwenye shina, vijiti vyake vya pembeni vimekatwa vifupi, upana wa kuweka vidole. Nilifunga kiunoni kotama na vikingio vinne vya mwanzi vya kutegea maji, nikapanda bila kutazama chini. Hatua kumi za kwanza nilikuwa nazihesabu. Baada ya hapo mwanzi ukaanza kulia kwa kila hatua, upepo ukaupata mti, na mti ukanichukua huku na kule. Paa la shule lilikuwa chini ya nyayo zangu. Nikafumba macho, nikalikumbatia shina. Niliona wazi kwamba baba alifika hapa hapa, akashika hivi hivi, na mkono ukamponyoka. Sikuweza kupanda, sikuweza kushuka.

Hapo ndipo Bibi alipoanza kuiita khwan yangu, ile roho ndogo ya utosini ambayo mtu akishtuka humtoroka. Kwetu mama humwitia mtoto aliyeanguka, kwa sauti ya kubembeleza. Bibi aliita kama anayefukuza mbuzi shambani.

"We khwan ya Jiap, njoo! Kuna yai la kuchemsha, kuna wali wa moto! Unazurura nini huko na mwenyewe amekwama juu kama gunia?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kisha sauti ikashuka, nikasikia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa.

"Na wewe Sawaeng, rudi. Miaka kumi na tisa nakuita kila asubuhi nikifika hapo, nawe mkaidi hutaki. Leo amekuja mwanao. Mshike mguu."

Machozi yalinitoka, na hofu haikwenda popote. Ila mguu wa kulia ulisogea, halafu wa kushoto. Nilifika juu kwenye makuti. Karara la kwanza lilikuwa limekauka ncha. Nikalichonga, nikachonga tena, mpaka tone moja likachungulia. Yote manne yalitoa. Nikavitungua vikingio vya zamani, nikaning'iniza vipya, nikashuka mpaka ardhi ikanipokea kwa magoti.

"Umetia vipande?" Bibi akauliza akiipokea kotama.

Nikatia mkono mfukoni. Vilikuwa humo vyote, vile vipande vichungu vya mti wa payom ambavyo kila mgema hutia ndani ya kikingio ili maji yasichache. Mtoto wa mgema, na nimesahau.

"Nitavitia jioni, Bibi."

"Jioni utakuta siki. Watoto watakunywa siki?"

"Kwa nini hukunikumbusha?"

"Ulikuwa unalia. Sikutaka kukukatiza."

Nilikaa mchangani nikamchukia kwa dhati. Nikamuuliza kama yeye haogopi. "Usiniulize mambo ya kunichelewesha," akajibu, na nikaona vidole vyake vimeibana kotama mpaka vimekuwa vyeupe. Watoto walianza kuingia getini. Wawili kati yao walikwenda moja kwa moja kuchungulia jikoni, saa mbili kasoro, wakati chakula ni saa sita.

Nikapanda tena. Safari hii niliogopa kuliko ya kwanza, maana nilishajua kulivyo. Nilipofika pale pa katikati mwanzi ukalia, nikasimama nikisubiri Bibi aite. Hakuita. Kwa hiyo nikaita mwenyewe, kwa sauti ambayo darasa zima lingeweza kuisikia.

"Baba, shuka sasa. Zamu hii ni yangu."

Kisha nikaendelea kupanda, vipande mfukoni.