Miche Chini ya Nailoni

Fundi saa hakuwa na ugomvi na shemeji yake ila mmoja: okidi za shemeji zilichanua, zake zilikufa. Shemeji mwenyewe, mdogo wa mkewe, alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, asiyesoma hata karatasi ya mbolea. Lakini kila Jumapili mke alirudi kutoka kwa mdogo wake akisifia maua, na fundi akatafuna chakula kama anayetafuna kokoto.

Mwaka huu alinunua miche thelathini, midogo kama kidole, akaipanga barazani. Kinyozi asije akaiona kabla haijachanua, aliifunika nailoni pande zote, akaibana kwa vibanio vya nguo. Kila jioni aliinua pembe moja, akaimwagilia kutoka juu mpaka maji yakatuama katikati ya majani.

Siku ya tisa alifunua yote. Harufu ilimpiga puani kama maji ya maua yaliyosahaulika chomboni. Mioyo ya miche ilikuwa myeusi. Jani ukiligusa, linakubakia mkononi.

"Mwite mdogo wangu," mke alisema.

"Bora nimwite mzoa taka."

"Huyo naye atakuja. Wewe chagua nani atangulie."

Kinyozi alifika na wembe wake. "Lo, shemeji! Ulikuwa unaotesha au unazika?"

Kinyozi aliuchoma wembe motoni, akakata uozo mpaka penye kijani kizima, akauchoma tena kabla ya kugusa mche wa pili. Majeraha akayapaka unga wa mdalasini. Kilichomuuma fundi ni mkono ule: haukutetemeka hata kidogo, na fundi saa ni yeye!

"Mizizi usiipake, itakauka. Maji asubuhi, kwenye magome ya mti ilimopandwa tu. Na hewa, shem. Ulikuwa unaikinga na nani?"

"Vumbi."

Mke alicheka mpaka akashika mlango.

Ilipona kumi na moja. "Hapa kwako hapana upepo," kinyozi alisema. "Ikibaki itaoza tena. Nipe nikae nayo."

Ichanue kwake, isifiwe kwake! Fundi aliitazama ile miche iliyokatwakatwa, akambebesha.

Tangu hapo, kila alfajiri, yuko mlangoni kwa shemeji na kopo lake la maji, anabisha hodi kabla mwenye nyumba hajaamka, asije akaimwagilia yeye.