Togwa ya Kumaliza Kesi

Nusu ya shamba la alizeti la marehemu baba niliipata Jumanne, kwenye baraza la ardhi pale Nduguti. Mwenyekiti alisoma hukumu mbiombio kama mtu anayewahi basi: Eliza ana haki sawa na kaka yake Chediel, wagawane nusu kwa nusu. Nilishukuru. Lakini mimi nilikuja kutafuta vitu viwili, haki yangu na kaka yangu, na hicho cha pili hakikutajwa popote kwenye hukumu.

Ndiyo maana nilibeba kibuyu cha togwa. Nichekeni tu. Zamani, baba alipokuwa akikaa na wazee wenzake kuamua kesi kijijini kwetu, hakuna aliyeondoka kabla walioshitakiana hawajanywa kutoka kibuyu kimoja, aliyeshindwa akitangulia. Nikiwa mdogo niliipenda saa ile kupita kiasi. Watu waliotukanana tangu asubuhi walifutana togwa kidevuni huku wakicheka. Najua wazee hao hao wasingempa mwanamke hata tuta moja. Najua, na bado nawakumbuka mpaka kifua kinauma.

"Mama, chakula hakiingii humu," karani aliniambia. "Na shauri limeshafungwa."

"Limefungwaje wakati hatujanywa?"

Alinitazama kwa huruma. Vijana wa siku hizi wanatuhurumia vibaya sana.

Nikamfuata Chediel nje, nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. "Kaka, kunywa tuyamalize."

Hakukipokea. "Kwa sheria ya baba, shamba lote lilikuwa langu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ukaikataa, ukaenda kwa ya serikali. Sawa, umeshinda. Sasa unataka shamba kwa sheria ya serikali, na togwa kwa sheria ya baba? Chagua moja, Eliza."

Alisema kweli tupu, na nusu yangu nisingeirudisha ng'o.

Akaanza kuondoka. Hapo nikakumbuka kwamba tangu kesi ifunguliwe sikuwahi kumwamkia.

"Shikamoo, kaka."

Alisimama, amenipa mgongo.

"Marahaba," akasema, akaenda zake.

Nikalia pale pale mbele za watu, mshindi mzima.